Okoa, opoa, nasua, komboa: mwongozo kamili wa kuchagua kitenzi cha kumtoa mtu au kitu matatani

Mwongozo huu ni wa wanaoandika habari, insha, ripoti za miradi na tafsiri. Kazi za namna hiyo zikinifikia kwa uhariri, kosa linalorudi kuliko yote ni kitenzi "kuokoa" kutwishwa kazi ya ukoo mzima. Gari linaokolewa topeni, kontena linaokolewa bandarini, mahabusu anaokolewa mahakamani, mgogoro wa ardhi nao unaokolewa. Msomaji ataelewa kwamba mambo yameisha vizuri, lakini hataona yaliishaje.

Dawa yake ni kuanza na kilichomshika mtu au kitu, kisha kukiacha hicho kichague kitenzi cha kumtoa. Hatua zote saba zilizo hapa chini zinatoka katika wazo hilo.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Sentensi yako, hata kama ni mbovu. Usichague kitenzi kikiwa hewani. Kiandike ndani ya sentensi kwanza, hata kama ni "okoa" ya kushikia nafasi.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, inatosha. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, ya mwaka 2015, ni nzuri pia. Kamusi ya lugha mbili iweke pembeni kwa sasa: itakupangia vitenzi vitano kwenye mstari mmoja bila kukwambia kipi ni cha maji na kipi ni cha deni.
- Majibu ya maswali matatu. Nini kilimshika? Nani alimtoa? Alitoka akiwa katika hali gani?
- Mtu wa kumsomea kwa sauti, awe mwenzako kazini au mtu wa nyumbani.

Kama swali la kwanza huna jibu lake, mpigie simu aliyekupa habari kabla hujaendelea.

## Hatua ya 1: Taja kilichomshika, kwa nomino moja

Pembeni mwa sentensi andika nomino moja tu: tope, maji, moto, deni, mtego, gereza, kifusi, ugomvi. "Matatizo" hairuhusiwi, na "changamoto" ndiyo kabisa. Maneno hayo mawili ni mapana mno, na kila kitenzi kitaonekana kinafaa.

Sababu ni kwamba vitenzi vyetu vya kutoa watu matatani vilizaliwa mahali maalumu: kisimani, mtegoni, rehani, njiani. Hata vikihamia kwenye siasa na uchumi vinabeba harufu ya kwao.

Tahadhari. Mambo yasiyoshikika, kama umaskini au ujinga, hayana kitenzi chake. Wewe ndiye unayeamua unauona umaskini kama tope, kama mtego au kama mtawala. Ukishaamua, kaa hapo hapo mpaka mwisho wa aya. Nimeshasoma "kuwakomboa wakulima waliokwama kwenye mtego wa madeni": ndani ya maneno saba kuna vita vya ukombozi, kuna gari topeni na kuna mnyama aliyenaswa.

Utajua umefaulu pale nomino uliyoandika ni kitu unachoweza kukionyesha kwa kidole, au karatasi unayoweza kuitoa mfukoni.

## Hatua ya 2: Peleka nomino kwenye kitenzi chake

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

### Uhai uko hatarini: okoa, nusuru

"Okoa" ni ya pale ambapo bila mkono wa mtu fulani, kitu kingepotea kabisa: moto, maji, ajali, ugonjwa, jengo lililoporomoka. Inataka hatari iwe imeshafika. Ndiyo maana wachezaji "huokoa jahazi" dakika za mwisho, na ndiyo maana mtandao mmoja wa simu Kenya uliita huduma yake ya kukopa salio Okoa Jahazi: chombo bado kinaelea, lakini kimebakiza kidogo.

"Nusuru" inakaa karibu mno na "okoa" na mara nyingi zinapokezana. Tofauti ni kwamba "nusuru" inaangalia ukaribu wa janga. Dada yake ni "nusura", kama katika "nusura aanguke". Kitu kinachonusuriwa kilikuwa ukingoni na hakijadondoka: ndoa, msimu wa kilimo, kampuni inayoelekea kufilisika. TASAF, mfuko wa Serikali ya Tanzania unaozipa kaya maskini ruzuku, walichagua vizuri walipouita mpango wao Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Ruzuku ile huizuia kaya isizame zaidi. Wangeuita mpango wa kuokoa, wangekuwa wameahidi makubwa kuliko ruzuku ile inavyoweza kutimiza.

Tahadhari ya kwanza. "Ameokoka", ikisimama peke yake, kwa wasomaji wengi wa bara, Kenya na Uganda ina maana ya mtu aliyempokea Yesu. (Neno "mlokole" lilitufikia kutoka Luganda, pamoja na uamsho wa miaka ya 1930.) Ukiandika "dereva ameokoka", kuna atakayejibu "Bwana asifiwe". Andika "amenusurika" au "ameokoka katika ajali hiyo".

Tahadhari ya pili. Faili la kompyuta huhifadhiwa, fedha huwekwa akiba. "Okoa shilingi elfu kumi" ya matangazo imeshazoeleka na sitapigana nayo, lakini "okoa faili" naikata kila ninapoikuta.

### Maji, kisima, shimo: opoa

"Opoa" ina mwendo ndani yake: kutoka chini kwenda juu, kutoka ndani kwenda nje. Ndoo iliyodondoka kisimani huopolewa. Pete iliyozama pipani huopolewa. Mkono, ndoano au kamba inashuka, inashika, inapanda.

Ugumu uko kwenye watu. Magazeti yameitumia mno na neno "miili", hata msomaji akiona "wameopolewa watano" anaanza kuomboleza. Kama wako hai, sema wazi. Kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, fundi mmoja alipatikana siku mbili baadaye ndani ya kivuko hicho. "Aliopolewa akiwa hai" inatosha. "Aliopolewa" peke yake ingemzika.

Kwa sababu hiyo hiyo, wale wachimbaji 33 wa mgodi wa San José nchini Chile, waliokaa siku 69 chini ya ardhi mwaka 2010, ningeandika kwamba waliokolewa, kisha sentensi inayofuata nieleze walivyopandishwa mmoja mmoja kwa chombo chembamba. "Opoa" ingekuwa sahihi kimaana, maana shimo ni shimo, lakini msomaji angesita.

Na isidhaniwe kwamba neno hili ni la maiti tu. Wakatoliki husali "utuopoe maovuni" pale Waprotestanti wanaposema "utuokoe na yule mwovu". Sala ni ile ile, ila ya kwanza inayaona maovu kama mahali mtu alipozama, na ya pili inamwona adui anayekuja. Tutarudi kwenye hiyo "-ni" na hiyo "na" katika hatua ya 6.

### Tope, njia nyembamba, urasimu: kwamua

Kilichokwama hakikukamatwa na mtu. Kilikuwa kinakwenda, kikasimama, na sasa hakiendi mbele wala nyuma. Gari, mradi, mazungumzo, malipo ya wastaafu, mfupa kooni: vyote hukwama, na vyote hukwamuliwa.

Mfano ambao dunia nzima iliutazama ni meli ya Ever Given, iliyokwama ikiwa imeziba Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021. Ilikwamuliwa tarehe 29 kwa kuchimbua mchanga, kwa boti za kuvuta meli, na kwa msaada wa bamvua, kwani mwezi ulikuwa mpevu siku moja kabla. Hakuna aliyeikomboa wala kuinasua. Hakukuwa na mtego; kulikuwa na mchanga.

"Kujikwamua" ndiyo inayofaa zaidi katika ripoti za vikundi vya akiba na mikopo. Inampa mtu heshima ya kuwa alikuwa safarini tayari.

### Mtego, wavu, ulimbo: nasua

"Nasa" inataka kitu chenye meno, matundu au gundi. Ndege hunasa ulimboni, samaki hunasa wavuni, nguo hunasa mwibani. Aliyenasa anaweza kuwa ametegewa, na hapo ndipo "nasua" inapopata ukali ambao "kwamua" haina.

Itumie palipo na mtegaji: mkopo wa riba ya kuumiza, mtandao wa wasafirishaji wa binadamu, mkataba uliosainiwa bila kusomwa. Ukisema mjane "amejinasua" kutoka mikononi mwa wakopeshaji, umewashtaki wakopeshaji bila kuongeza neno. Uwe na hakika ya shtaka hilo.

Watangazaji wa mpira husema timu "imejinasua mkiani". Imeshakuwa lugha ya kazi yao, iache.

### Rehani, ushuru, utawala wa kigeni: komboa, gomboa

Katika "komboa" kuna bei. Iwe ni fedha, jasho au damu, kuna kitu kinatolewa ili kingine kirudi kwa mwenyewe. Simu iliyowekwa bondi hukombolewa. Shamba lililowekwa rehani hukombolewa. Nchi hukombolewa, na ndiyo sababu chombo kilichoundwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1963, makao yake Dar es Salaam, kiliitwa Kamati ya Ukombozi.

Tazama tofauti hii: Nelson Mandela aliachiwa kutoka gerezani tarehe 11 Februari 1990, lakini nchi yake haikuhesabiwa kuwa imekombolewa mpaka uchaguzi wa 1994. Ukitumia kitenzi kimoja kwa matukio yote mawili, umefuta miaka minne ya historia.

Mateka wanastahili uangalifu. Kama fidia ililipwa, wamekombolewa. Kama askari walivamia usiku na kuwatoa, wameokolewa. Kama watekaji wenyewe walichoka wakawaacha waende, wameachiwa. Katika habari ya aina hii, kitenzi ndicho habari yenyewe.

"Gomboa" ni ya forodhani. Mzigo unaingia bandarini, unalipiwa ushuru na tozo, unatoka: umegombolewa. Wakala wa forodha hatakuelewa vibaya ukisema "kukomboa kontena", ila atajua wewe si mtu wa bandarini.

### Gereza na mahakama: achia, achilia

Hapa ukikosea unaweza kushtakiwa, kwa hiyo pitia polepole.

- Ameachiwa huru (Kenya hupenda "ameachiliwa huru"): mahakama haikumkuta na hatia, au rufaa yake imeshinda.
- Ameachiwa kwa dhamana: kesi inaendelea. Usiweke "huru" hapa hata kwa bahati mbaya.
- Amefutiwa mashtaka: kesi imeondolewa, na mara nyingine inaweza kurudi.
- Amesamehewa, kwa msamaha wa Rais: hatia ilikuwepo, adhabu imeondolewa au kupunguzwa.
- Amemaliza kifungo: hakuna aliyemtoa, siku zake zimetimia.

"Kumwokoa mtu na jela" huachiwa mawakili wanaojitangaza.

### Fumbo, ugomvi, bomu: tatua, tanzua, suluhisha, tegua

Kwa haraka: tatizo hutatuliwa, mgogoro uliosokotana hutanzuliwa, watu waliogombana husuluhishwa. "Kusuluhisha tatizo" imeenea sana. Mimi bado naona suluhu inataka pande mbili zinazoweza kupeana mikono.

Mtego huteguliwa, sawa na bomu na kitendawili. Mguu nao huteguka, lakini huo ni msiba mwingine.

### Balaa ambalo halijafika: epusha, kinga

Chanjo haimwokoi mtoto aliye mzima. Inamkinga. Tuta la mto halikiokoi kijiji kabla ya mvua. Linakiepusha na mafuriko. Waandishi wa ripoti za afya hulikosea hili kwa sababu "kuokoa maisha" inavuta wafadhili. Kama hatari haijafika, ngoja.

## Hatua ya 3: Fanya jaribio la kutendua

Vitenzi vingi vya kundi hili viko katika kauli ya kutendua: vinarudisha nyuma kilichofanywa na kitenzi kingine. Kwama, kwamua. Nasa, nasua. Tega, tegua. Fukia, fukua. Funga, fungua. Chomeka, chomoa. Ziba, zibua.

Jaribio lenyewe: andika sentensi ya jinsi mambo yalivyokuwa kabla, ukitumia kitenzi cha msingi. Ikikubali, kitenzi cha kutendua kitakubali. "Basi limekwama darajani" inakubali, kwa hiyo "basi limekwamuliwa" ni sawa. "Basi limenasa darajani" inakubali tu kama kuna chuma kilicholishika. "Wakazi wamefukiwa na kifusi" inakubali, kwa hiyo "kufukua kifusi" ni kazi halali ya waokoaji.

Kanuni ya sauti: irabu ya mzizi ikiwa *o*, unapata *-oa*, ikiwa nyingine yoyote, unapata *-ua*. Ndiyo maana tunasema chomoa, lakini tegua na nasua.

Tahadhari. Si kila chenye mwisho huo kina mwenzake. "Okoa" haitengui "oka", na mwokozi hana uhusiano na mkate. Pia kuna vilivyoharibika njiani: mlango uliokomewa zamani ulikomolewa, lakini leo kumkomoa mtu ni kumtia adabu kwa chuki. Kijana aliyefungiwa chumbani usiseme majirani wamemkomoa.

Utajua umefaulu ukiweza kusoma sentensi ya kabla na ya baada zikafuatana bila kusukumana.

## Hatua ya 4: Amua nani anapewa sifa

Tukio moja linaweza kuandikwa kwa sura nne, na kila sura inagawa sifa kivyake.

1. Wavuvi waliwaokoa abiria. Wavuvi wako mbele.
2. Abiria waliokolewa na wavuvi. Abiria wako mbele, wavuvi wametajwa.
3. Abiria walinusurika. Hakuna aliyetajwa. Inasomeka kama bahati au rehema za Mungu.
4. Abiria walijiokoa. Sifa zote ni zao.

Sura ya tatu ndiyo inayotumika ovyo. Ni tamu kwenye kichwa cha habari kwa sababu ni fupi, lakini inamfuta mtu aliyeingia majini. Kama kuna mtu aliyefanya kazi ya kuokoa, mtaje walau mara moja kabla ya kuandika "walinusurika".

Sura ya nne ina hatari upande wa pili. Ripoti zinazosema wanawake wa kijiji "wamejikwamua" huku mradi ukiwa umelipia kila kitu zinawapamba kwa uongo. Kinyume chake kipo pia: wafadhili "wamewakwamua" akina mama waliokuwa wameshachangishana miaka kadhaa kabla mradi haujafika.

## Hatua ya 5: Hesabu herufi o

Hatua hii ni fupi na ndiyo inayookoa aibu nyingi zaidi.

"Abiria waliokolewa" ni sentensi kamili: wa-li-okolewa. "Abiria waliookolewa walipelekwa hospitali" ina *o* mbili, moja ya urejeshi na moja ya kitenzi: wa-li-o-okolewa. Ukiacha *o* moja pale panapohitajika mbili, neno linasomeka wa-lio-kolewa, yaani waliolewa pombe, maana "kolewa" ni kulewa sana. Nimeikuta zaidi ya mara moja kwenye habari za misiba.

Kanuni ni ile ile kwa "walioopolewa" na "waliookoka". "Nusurika" haina shida hii, kwa kuwa inaanza na konsonanti: walinusurika, walionusurika.

Chunga na kauli ya kutendwa. Zenye *-oa* huchukua *-olewa*: okolewa, opolewa, kombolewa. Zenye *-ua* huchukua *-uliwa*: kwamuliwa, nasuliwa, teguliwa. Na "okota" ni kitu kingine: mtoto aliyeokotwa jalalani ni habari tofauti na mtoto aliyeokolewa.

## Hatua ya 6: Weka kiungo sahihi

Baada ya kitenzi, unamtoa mtu wapi au na nini?

- Na hutumika kwa adui, hatari au hali: kumwokoa na kifo, kujikwamua na umaskini, kumnusuru na aibu.
- -ni, au katika, hutumika kwa mahali: kumwopoa kisimani, kulikwamua topeni, kumwokoa katika jengo linaloungua.
- Kutoka kwa ni ya watu: walimwokoa kutoka kwa watekaji.
- Bila kiungo kwa "nusurika": amenusurika kifo, amenusurika kuuawa.

"Kutoka kwa umaskini" na "kutoka kwa moto" ndizo ninazozikuta sana, hasa kwenye tafsiri. Moto si mtu. Andika "motoni", neno moja, nawe umepunguza hata urefu wa sentensi.

Utajua umefaulu ukiona "kutoka" zimepungua kwenye ukurasa wako mpaka kubaki pale tu ambapo mtu au kitu kilisafiri kweli.

## Hatua ya 7: Geuza kuwa nomino kwa uangalifu

Kitenzi kimoja huzaa nomino zisizokaa nyumba moja. "Okoa" imezaa uokoaji, ambayo ni kazi ya kamba, ngazi na boti, na wokovu, ambayo ni ya roho. Tanzania ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ina pia Jeshi la Wokovu, ambalo ni kanisa. Nyumba ikishika moto, unataka la kwanza.

Vivyo hivyo, mwokoaji ni mtu wa kazi hiyo na mwokozi kwa Wakristo ni mmoja. Mchezaji aliyefunga bao la kusawazisha anaitwa "mkombozi" na watangazaji; afadhali hiyo kuliko "mwokozi", ingawa kwa pointi moja yote mawili ni mengi.

Ukikosa nomino inayokaa vizuri, rudi kwenye kitenzi. "Zoezi la ukwamuaji wa gari lilifanyika" haina faida yoyote juu ya "walilikwamua gari".

## Tukio moja, hatua zote

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Walikuwemo watu 43. Walikufa 19, wakapona 24. Wavuvi ndio waliofika mwanzo kwa mitumbwi yao.

Rasimu ya kawaida ingesema hivi:

*"Watu 24 wameokoka na wengine 19 wameokolewa wakiwa wamefariki kutoka kwa ndege iliyookolewa kutoka kwa ziwa."*

Pitisha hatua. Kilichowashika ni maji. Walio hai walitolewa na watu, kwa hiyo "okoka" inawanyima wavuvi haki yao. Waliokufa hawawezi kuokolewa; miili huopolewa. Ndege haikuwa na uhai wa kuokoa, nayo ilivutwa kwa kamba kuelekea ufukweni. "Kutoka kwa" zote mbili zinaondoka.

*"Wavuvi waliofika kwa mitumbwi walianza kuwaokoa abiria kabla ya vikosi kufika. Watu 24 walitoka wakiwa hai. Miili 19 iliopolewa, na ndege ikavutwa kwa kamba kuelekea ufukweni."*

Vitenzi vinne, na kila kimoja kimebeba chake. "Walitoka wakiwa hai" nimeichagua kwa makusudi badala ya "walinusurika", kwa sababu sentensi iliyotangulia imeshasema nani alianza kazi.

Sasa msomee yule mtu wako kwa sauti. Usimuulize kama ni nzuri. Muulize: nani alifanya nini, na nani yuko hai? Akijibu bila kukuomba urudie, umemaliza.

## Za kujipima

Sahihisha kabla ya kusoma jibu.

"Mbuzi ameokolewa kisimani." Ameopolewa. Kama bado analia, ongeza "akiwa hai".

"Mama alimkomboa mtoto wake kutoka kwa moto." Alimwokoa mtoto wake motoni. Hakuna bei iliyolipwa, ingawa mikono yake inaweza kuwa imeungua.

"Makontena yameokolewa bandarini." Ushuru ukiwa umelipwa, yamegombolewa. Kama yalisimama kwa sababu mfumo wa kompyuta ulikuwa chini, yamekwamuliwa. Piga simu uulize.

"Vijana wajinasue kutoka kwa umaskini." Wajikwamue na umaskini. "Wajinasue" iache tu kama aya iliyotangulia imewataja wakopeshaji au madalali waliotega.

"Abiria waliokolewa wamelazwa hospitali ya wilaya." Waliookolewa. Hesabu tena herufi o.

"Diwani ameokolewa na mahakama." Hii haina jibu kwenye kamusi yoyote. Tafuta nakala ya uamuzi, usome kama ni dhamana, kufutiwa mashtaka au kuachiwa huru, ndipo urudi kuandika.